Kidonge cha Kulinda Mshumaa

Inshirah alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani wiki ile, na wala hakulificha: mjukuu wake aitwe Mitwalli. Lilikuwa jina la marehemu mumewe, fundi saa wa Tanta aliyefariki kabla hajamwona mwanawe akioa, na kwa maoni ya Inshirah mtu aliyezitengeneza saa za nusu ya mji hakustahili jina lake libaki kwenye jiwe la kaburi tu. Mwanawe Rifaat hakupinga. Ranwa, mkewe Rifaat, naye hakupinga. Aliyepinga alikuwa mama yake Ranwa, Dawlat, ambaye alisema kwa ile sauti ya upole inayoudhi kuliko matusi kwamba Mitwalli ni jina la mtu aliyezaliwa na masharubu, na kwamba mtoto wa siku hizi aitwe Yazan.

Wangeweza kuzozana hadi mtoto aote meno, lakini mizozo ya namna hiyo ina njia yake ya kumalizwa. Siku ya saba tangu mtoto azaliwe, kabla wageni hawajajaa, sinia huwekwa mezani pamoja na birika lililopambwa, na mishumaa ya pakiti moja huwashwa kwa pamoja, kila mmoja na jina lake. Unaodumu kuliko wenzake ndio unaompa mtoto jina, na hakuna rufaa. Wengine huwasha mishumaa saba. Mabibi hawa walikubaliana miwili tu, wa Mitwalli ukae upande wa mdomo wa birika na wa Yazan upande wa mkono wake, na kila mmoja aulinde wake.

Hapo kwenye kulinda ndipo Inshirah aliposhikwa na kiwewe. Kibofu chake kilikuwa na haraka zake chenyewe. Tangu alipovuka miaka sitini kilimwita apende asipende, awe amekunywa au hajanywa, na kikiita hakikubali kungojeshwa. Hakuwahi kuuona mwisho wa harusi yoyote, na tamthilia za Ramadhani alisimuliwa na majirani. Akiingia nyumba ngeni, kabla hajajibu salamu alikuwa ameshapepesa macho kuutafuta mlango wa choo.

Na Dawlat si mtu wa kuachiwa chumba. Alipopata mjukuu wake wa kwanza, kwa binti yake mwingine, bibi wa upande wa pili alitoka kidogo kufuata sukari jikoni, na aliporudi mshumaa wake ulikuwa unatoa moshi. Dawlat alisema ni upepo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mtoto yule anaitwa Taym, na bibi yake wa upande ule bado anautafuta huo upepo ulikotokea.

Kwa hiyo siku moja kabla ya sherehe Inshirah alikwenda kwenye duka la dawa la Daktari Irini, chini ya jengo lao, akangoja wanaume watoke, kisha akaegemea kaunta na kueleza kwa mnong'ono kwamba anataka kukaa kitako mchana mzima bila kuinuka. Daktari Irini alimuuliza maswali mengi kuliko Inshirah alivyotarajia. Mkojo unamuuma? Una damu? Ana homa? Macho yake yana presha? Huwa anashindwa kukojoa? Anatumia dawa nyingine yoyote? Yote akajibu hapana, na yote yalikuwa kweli saa ile. Ndipo daktari akatoa pakiti.

"Hii inalegeza misuli ya kibofu kisijikaze ovyo," alisema. "Kidonge kimoja, nusu saa kabla ya kula. Kingine ni jioni, tena ukikihitaji tu. Kwa umri wako usivuke hapo. Mdomo utakauka kidogo, hiyo kawaida. Ila ukiona macho yana ukungu, au umekaa chooni na mkojo hautoki, acha dawa unipigie. Na usichanganye na dawa ya tumbo la kusokota wala ya mawe ya figo. Nyingi ni watoto wa baba mmoja, zinatofautiana majina tu."

"Tumbo langu mimi halina neno, daktari."

"Hata likiwa na neno, Mama Rifaat. Usichanganye."

Inshirah aliahidi, na aliahidi kwa moyo safi. Asubuhi ya sherehe alimeza kidonge kimoja kwa maji, akasubiri nusu saa, akala maharage yake. Lakini kabla hajamaliza kuosha sahani kibofu kilimwita. Alikwenda, akarudi, akakaa kitandani ameishika pakiti mkononi na kuitazama kama anayemtazama mfanyakazi mvivu. Daktari hakumwambia kwamba dawa itafanya kazi papo hapo, lakini hakumwambia pia kwamba haitafanya, na mtu mwenye wasiwasi husikia anachotaka.

Balaa ni kwamba jengo lile lina ngazi, na ngazi zina majirani. Alipopanda kuazima sinia kwa Mama Wagdi, mwenye maradhi ya utumbo ya miaka na miaka, alimlalamikia kidogo tu. Mama Wagdi hakutaka kusikia zaidi. Alikwenda kwenye kabati, akakata kidonge kutoka kwenye karatasi yake, akakiweka kwenye kiganja cha Inshirah na kuvikunja vidole vyake juu yake, huku akiapa kwamba hicho ndicho kilichomwezesha kwenda Makka na kurudi. Ghorofa ya tatu Bi Fikriya, ambaye mumewe alikuwa na mawe kwenye figo, alikuwa na matone. Aliyahesabu mwenyewe ndani ya glasi, yalipozidi akasema ni baraka.

Pale jengoni dawa hugawiwa jinsi chakula kinavyogawiwa, na kukirudisha kidonge cha jirani ni kumwambia humwamini. Maneno ya Daktari Irini yalimpitia Inshirah kichwani, lakini aliyajibu vizuri. Dawa ya Mama Wagdi ni ya utumbo, itakwenda kwenye utumbo. Ya Bi Fikriya ni ya figo, itakwenda kwenye figo. Kila moja itashika njia ya kwao, na kibofu kitabaki na yake. Akameza kidonge, akanywa matone, akashuka ngazi akijisikia ameshiba uangalizi.

Baada ya adhuhuri, nyumbani kwa Rifaat mle mle jengoni, walifunga madirisha, na Ranwa akaiwasha mishumaa yote miwili kwa kiberiti kimoja. Kisha akaenda chumbani kumnyonyesha mtoto. Rifaat alikuwa ngazini akipokea viti vya kukodi pamoja na shangazi yake. Mabibi wawili wakabaki sebuleni, mmoja huku na mmoja kule, na sinia katikati yao.

Dawlat alianza vita kwa ukarimu. Alimjua mwenzake. Alimletea kwanza kikombe cha mughat, kile kinywaji kizito cha moto cha kumpa nguvu mzazi, chenye samli na karanga, ambacho siku kama hiyo mgeni hawezi kukikataa. Inshirah akanywa. Akamletea chai. Inshirah akanywa. Yakafuata maji mekundu ya maua ya karkadee yenye barafu, halafu vipande vya tikiti, halafu chai tena, na kila mara Dawlat aliuliza kwa huruma kama Mama Rifaat hahitaji kuinuka kidogo anyooshe miguu.

"Miguu yangu imenyooka," Inshirah alijibu, na akaomba karkadee nyingine.

Aliomba kwa sababu alikuwa na kiu kweli. Kibofu kilikuwa kimya, kimya ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka, na furaha yake ilikuwa kubwa hivi kwamba hakujiuliza maji yote yale yanakwenda wapi. Mdomo tu ndio ulimsumbua. Ulimi ulikuwa unanata kwenye kaakaa, na kila alichokunywa kilipita bila kuacha unyevu. Uso ulimuwaka. Baadaye kidogo Dawlat aligawanyika akawa Dawlat wawili, jambo ambalo Inshirah aliliona ni kuzidisha, kwa kuwa mmoja alitosha.

Dawlat yule wa kweli alikuwa na shida zake. Kila akimwona Inshirah amekaa imara ndivyo hofu ilivyompanda, na hofu ya Dawlat siku zote huteremkia tumboni. Alijikaza. Alibadilisha mkao, akashika kiuno, akakunja uso, jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Aliitazama mishumaa, akamtazama Inshirah, akaitazama tena mishumaa. Mwishowe tumbo lilimsokota kwa namna isiyojadiliwa, akainuka na kutoka mbio, amefunika mdomo kwa mtandio.

Inshirah alibaki peke yake na sinia.

Tuseme ukweli, hakuwa amekuja na nia hiyo. Alikuwa amekuja kulinda. Lakini alimkumbuka bibi yake Taym, akaukumbuka upepo, na moyo wake ukamwambia kwamba haki nayo inahitaji kusaidiwa mara mojamoja. Akainamia sinia. Birika lilikuwa na midomo miwili na mikono miwili, na moto ulikuwa mwingi kuliko ulivyowashwa. Alifinya macho, akakisia, akauona mkono wa birika au kitu kilichofanana nao, akapuliza. Kwa mdomo ule mkavu pumzi ilitoka na mluzi, isifike. Akapuliza tena. Moto mmoja ukatoweka. Akarudi kitini, akaweka mikono mapajani, akawa mtu anayefikiria mambo ya dini.

Aliyeingia kwanza alikuwa Ranwa, mtoto begani. Akasimama mlangoni.

"Mama," alisema taratibu, "wa Mitwalli umezimika."

Inshirah alidhani msichana hajaona vizuri. Akainama tena, akasogea mpaka joto la mshumaa likamgusa pua, akanyoosha kidole apapase. Kilichokuwa karibu na mdomo wa birika kilikuwa utambi wenye moshi. Alikuwa amempuliza mumewe mwenyewe.

Nyumba ikajaa mara moja. Rifaat alikuja na kiti bado mkononi, na shangazi yake nyuma, na shangazi huyo ndiye aliyesema kwamba sasa hivi amemwona Dawlat akitoka sebuleni mbio, anatokwa na jasho, hatazami mtu. Hakuongeza neno. Hapakuwa na haja, kwa sababu kila aliyekuwa pale aliijua hadithi ya upepo. Dawlat aliporudi kutoka chooni, amejifuta uso na amepata nafuu, alikuta macho yote yanamngoja.

Aliapa. Akasema alikuwa chooni, tumbo lilimshika, na kama hawaamini waende wenyewe wakanuse. Kwa kawaida watu wangecheka. Rifaat alimgeukia mama yake, akamuuliza aliona nini.

Inshirah akafungua kinywa. Hadi leo hajui alitaka kusema nini, na mimi simsemei. Ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa na hapakutoka kitu isipokuwa mkwaruzo. Macho yake yaliyokuwa wazi kupita kiasi yalimeta. Wote wakaona huzuni ya mjane, shangazi akaanza kulia kwa niaba yake, na Rifaat, ambaye hajawahi kumpandishia sauti mkwewe, akapandisha.

"Basi. Mwanangu anaitwa Mitwalli," alisema. "Na aliyeuzima anajijua."

Lilikuwa limeshatendeka. Jina lilikuwa limetamkwa na baba wa mtoto mbele ya watu. Inshirah aliona haya. Aliona haya na papo hapo alikuwa na furaha, na hisia hizo mbili zilikaa ndani yake bila kusukumana.

Dawlat alichukua mkoba wake. Hakulia wala hakugombana, na hilo lilimuuma Inshirah kuliko kelele zote ambazo angepiga. Lakini mwanamke wa malezi yake haondoki nyumba ya watu bila kuwaaga wakubwa, hata kama wamemtukana. Akaja kwa Inshirah, akainama ampe shavu, na hapo akasita. Alimtazama machoni. Mboni zilikuwa zimelijaza jicho lote. Akamgusa shavu kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa la moto na kavu. Dawlat alikuwa ametumia vidonge vya tumbo tangu Ranwa akiwa shule, na aliwahi kuvizidisha mara moja.

"Umemeza nini?" aliuliza chini chini. "Vingapi?"

Inshirah alionyesha vidole viwili, akafikiri, kisha akaonyesha kwa kidole cha tatu kitu kinachodondoka.

"Na karkadee yangu yote ile. Umekojoa saa ngapi mara ya mwisho?"

Inshirah alionyesha kule jua linakochomoza: asubuhi. Dawlat akatupa mkoba kitini, akamshika kwapani na kumpeleka chooni, huku akiwaambia waliokuwa wanatazama kwamba mama yao hajisikii vizuri na wasisogee. Akamkalisha, akafungulia bomba la beseni ili sauti ya maji imkumbushe kibofu wajibu wake, akarudisha mlango, na akasimama nje kumpigia Daktari Irini. Maongezi yalikuwa marefu, na mengi yake ilikuwa daktari anasema na Dawlat anakubali. Mgonjwa asimeze tena dawa yoyote, hata ya jioni. Asuuze mdomo. Akae mahali penye ubaridi, alegee, asijikamue. Akianza kupayuka au moyo kumwenda mbio, wasingoje kitu. Na kama mkojo hautoki upesi, hospitali moja kwa moja.

"Wanatoa kwa mpira," Dawlat alimpasha habari kupitia mlangoni.

"Mpira?" alisema Inshirah. Neno hilo lilimrudishia ulimi.

"Mwembamba, anasema. Wanautia tu."

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika. Inshirah alikaa pale na tumbo lililojaa kama ngoma, haoni vizuri hata magoti yake, na nje ya mlango alikuwa amesimama mtu pekee katika nyumba ile aliyefahamu kinachompata. Angekuwa ameshaondoka mtu huyo. Alikuwa na kila sababu.

"Mama Ranwa."

"Legea."

"Mimi ndiye niliyeuzima."

Akayasukuma na mengine yatoke.

"Nilitaka kuzima wa kwako. Sikuona vizuri."

 Nje ya mlango kukasikika sauti ambayo Inshirah aliidhani ni kilio, mpaka alipotambua kwamba Dawlat ameubana mtandio mdomoni na anacheka, anacheka kwa kuegemea mlango, na mlango wenyewe unatikisika.

"Nikitoka nawaambia," Inshirah alisema. "Wote. Jina ni lako, mshumaa wako ndio uliobaki."

"Huwaambii."

"Nawaambia."

"Ukiwaambia watakucheka leo, kesho wamesahau, na wewe utasahau nao. Mimi sitaki usahau." Dawlat alikuwa amepata pumzi sasa, na sauti yake ya upole ilikuwa imerudi. "Acha aitwe Mitwalli. Kila ukimwita, unikumbuke."

Inshirah alitaka kubisha. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kubisha. Lakini kitu kilichojikunja ndani yake mchana mzima kikaachia, na maji yakatoka, kwanza kwa kusitasita, kisha bila aibu, yakaendelea kutoka hadi Dawlat akaingiza mkono kulifunga bomba apate kuhakikisha kwa masikio. Alipohakikisha alisema alhamdulillahi, na alimaanisha.

Alasiri wageni walijaa mpaka ngazini. Mama Wagdi alikuja na Bi Fikriya, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo iliyomkalisha Inshirah. Mtoto alilazwa kwenye ungo mkubwa sakafuni, chumvi ikarushwa kufukuza vijicho, Ranwa akamruka huku na huku kama ilivyo ada. Likaja lile analolisubiri kila bibi. Kinu cha shaba hugongwa karibu na sikio la mtoto, na anayegonga humpa maagizo yake ya kwanza duniani, amsikilize nani na asimsikilize nani. Haki ya kuanza ni ya mama wa baba. Inshirah, aliyekuwa bado anaona watu wana kingo mbilimbili, alipokea mchi, akaushika kidogo, kisha akampa Dawlat. 

Dawlat akapiga magoti. Akagonga kinu, shaba ikalia nyumba nzima.

"Mitwalli, msikilize bibi yako Dawlat," alisema. "Usimsikilize bibi yako Inshirah."

 Hilo ni la utani, na hujibiwa kwa utani, lakini siku ile hapakuwa na aliyeamini kwamba ni utani, na wote waliujua ulimi wa Inshirah. Rifaat alipiga hatua mbele. Dawlat akagonga tena, taratibu, akageuza shingo.

"Au nimekosea, Mama Rifaat?"

Mate yalikuwa yameshaanza kurudi. Maneno yalikuwepo, mengi na mazuri, yamejipanga nyuma ya meno. Inshirah alimtazama mjukuu wake, akamtazama mwanamke aliyeshika mchi, akameza.

"Hujakosea," alisema. "Msikilize, Mitwalli."